Mtoto Mchanga Alale Juu ya Nini?

Baba na mama, mtoto akizaliwa kila mtu huleta alichonacho. Bibi huleta mto wa sufi, shangazi blanketi, jirani kanga mbili. Vyote vimetolewa kwa mapenzi. Lakini je, ni vipi vya kuwekwa mahali mtoto anapolala?

Tuanzie Ndagoni, kisiwani Mafia, nchi ya minazi. Kama kwingineko pwani, kitanda cha kamba kinajulikana huko, nacho huitwa teremka tukaze. Jina hilo lina mafundisho. Kamba zikilegea, katikati huwa bonde, na mtoto huviringika mpaka uso wake ukabanwa na nguo au mwili wa mama. Mtoto wa mwezi mmoja hana nguvu ya kuondoa kitu kilichomziba pua. Hufa kimya, hata aliye kando yake asisikie. Basi, kazeni kamba kabla mtoto hajazaliwa, wala msiache mwanya kati ya kitanda na ukuta.

Juu yake tandikeni godoro gumu, au mkeka wa ukili uliosukwa vizuri, na kanga moja iliyovutwa ikakaza. Mto wa bibi mwekeeni mpaka atimize mwaka. Blanketi zito na kanga zilizorundikwa ziondoeni. Pwani kuna joto. Nguo nyepesi yatosha, na kichwa kisifunikwe. Chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro au mkeka pande zote, kisimwangukie usoni.

Kisha mlazeni chali. Wazee wengine huogopa kwamba akicheua atapaliwa. Lakini mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi hayaingii humo kwa urahisi. Uingereza ilianza mwaka 1991 kuwahimiza wazazi wote walaze watoto chali, na katika miaka michache vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Msidhani ukili ni jambo la kizamani. Huko New Zealand, tangu mwaka 2006, wasukaji wa Kimaori na madaktari wamewapa wazazi kikapu cha majani chenye sakafu bapa, kiitwacho wahakura. Mtoto hulala karibu na mama, ananyonya usiku bila taabu, lakini ana mahali pake. Kazi hiyo haiwezi kuwashinda wasukaji wa Mafia.

Baba, nawe una sehemu yako. Sigara isivutwe nyumbani, na aliyekunywa pombe asilale kitanda kimoja na mtoto.

Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, tazameni alipolala. Kama kuna kitu laini karibu na uso wake, kiondoeni. Haigharimu hata senti moja.