Zebaki ya Busia na Sili wa Aktiki

Sili ni mnyama wa baharini anayenyonyesha, mwenye mapezi badala ya miguu, na ingawa makao yake katika Aktiki, yaani eneo la barafu linaloizunguka Ncha ya Kaskazini, yako maelfu ya kilomita kutoka Dabani, wilayani Busia nchini Uganda, afya yake haijatengana na machimbo ya dhahabu ya wilaya hiyo.

Katika machimbo hayo, kama yale ya Tiira, mwamba hupondwa hadi ukawa unga, unga ukaoshwa katika karai, kisha ukatiwa zebaki, ile metali ya majimaji ing'aayo kama fedha, ambayo hunasa chembe za dhahabu na kufanya donge la kijivu. Donge hilo hukamuliwa kwa kitambaa, mara nyingi kwa mikono mitupu, likawekwa juu ya makaa mpaka zebaki iishe kwa kugeuka mvuke na dhahabu ibaki. Mvuke huo hauna harufu, na huweza kukaa angani miezi kadhaa, muda unaotosha kuizunguka dunia. Si Busia peke yake: uchimbaji mdogo wa dhahabu ulimwenguni ndio unaoongoza kwa zebaki ambayo binadamu huitoa hewani, ukiupita hata uchomaji wa makaa ya mawe.

Jua linaporejea Aktiki baada ya miezi ya giza, kemikali zitokanazo na chumvi ya bahari huibadili zebaki ya angani ikatua juu ya theluji. Theluji ikiyeyuka, zebaki hiyo huingia majini, ambamo bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, sumu ambayo mwili huipokea upesi na kuitoa kwa shida. Vijidudu huliwa na samaki, samaki wakaliwa na sili, na kila mlaji hubeba sumu iliyokolea kuliko ya aliyeliwa. Watafiti wanakadiria kuwa zaidi ya asilimia 90 ya zebaki iliyomo katika wanyama wa Aktiki walao wenzao imetokana na shughuli za binadamu. Sumu hiyo hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, humfikia mtoto akiwa tumboni, na Wainuiti, wenyeji wa Aktiki ambao nyama ya sili ni chakula chao cha jadi, huila pamoja nayo.

Hata hivyo, anayeivuta zebaki hiyo kwanza ni yule anayepuliza makaa, pamoja na watoto walio karibu naye. Uganda iliridhia mwaka 2019 Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, na wachimbaji wanastahili kufikishiwa kifaa cha kunasia mvuke, ambacho ni chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba, ambamo mvuke hupoa ukarudi kuwa zebaki ya kutumika tena.