Tusichome Tusichokisoma

Ndugu wahitimu na wanafunzi, kuko swali moja nakutana nalo kila mara nikifika nyumbani Bengamisa, na nikirudi Kisangani linanifuata mpaka huko: mtu aliyeokoka, na tena aliyesoma, afanye nini na mambo ya wazee? Wengine wanajibu mbio: "Ayaache yote, iko mambo ya giza." Wengine, hasa sisi tuliopita iniversite, tunajibu mbio vilevile: "Ayashike yote, ndiyo asili yetu, hii dini ililetwa na wazungu." Mimi ni Mprotestanti, mtoto wa kanisa, na ni mtu wa vitabu, yule anayesoma usiku kwa taa ya simu mpaka betri inakufa. Majibu yote mawili yananisumbua kwa sababu moja. Yote mawili yanatolewa na mtu ambaye hajasoma kile anachohukumu.

Nieleze kwa mfano mmoja tu: lokole.

Kwa asiyeijua, lokole ni gogo lililochimbwa ndani kupitia ufa mrefu wa juu. Haina ngozi kama ngoma ya kuchezea. Midomo miwili ya ule ufa haina unene sawa: ukipiga mmoja unapata sauti ya juu, ukipiga mwingine unapata sauti ya chini. Ni hizo mbili tu, basi. Sasa sauti mbili zinawezaje kutangaza kifo, kuita kikao, au kusema kwamba mgeni fulani yuko njiani?

Jibu liko katika lugha zetu zenyewe. Chukua Lingala, ambayo wengi wetu tunaiongea sokoni na juu ya toleka. Neno *moto* ukilisema kwa sauti moja ni mtu, ukipandisha mwisho ni kichwa, ukipandisha mwanzo ni moto wa kuchoma. Kiswahili hakina jambo hilo kwa namna ileile, ijapokuwa *barabara* inaweza kuwa njia au kuwa "sawasawa", kufuatana na mahali unapokaza. Lugha nyingi za msitu huu zinapanda na kushuka hivyo. Lokole haipigi herufi. Inapiga ule mpando na mshuko wa maneno.

Aliyelieleza jambo hili vizuri kwa maandishi alikuwa mmisionari. Chini kidogo ya Kisangani, kando ya mto, kuko Yakusu, katika nchi ya Walokele, kituo ambacho Wabaptisti wa Uingereza walikifungua mwaka 1896. Huko alifanya kazi John Carrington, aliyefika Kongo mwaka 1938. Alijifunza lugha ya Walokele, akaketi na wapigaji, akajifunza kupiga yeye mwenyewe, na mwaka 1949 akatoa kitabu *Talking Drums of Africa*. Mimi nilikisoma katika fotokopi, kurasa zingine zimefifia, lakini sikulala mpaka nilipomaliza.

Carrington anaonyesha kwamba maneno mengi tofauti yana mpando na mshuko mmoja. Kwa Walokele, neno la mwezi na neno la kuku yanalingana kabisa kwa sauti. Mpigaji akisema neno moja tu, msikilizaji wa mbali atajuaje? Kwa hiyo lokole haisemi neno fupi. Mwezi unapewa maneno ya kuongeza, kwamba ni ule unaoangalia dunia kutoka juu. Kuku naye anapewa yake, kwamba ni yule mdogo anayelia kwa mlio wake. Yale maneno marefu, ambayo wageni waliyaona kuwa ni porojo, ndiyo yanayolinda habari isipotee njiani. Ndugu zangu wa informatiki mtalifurahia hili: mwaka 1948, mwaka mmoja tu kabla ya kitabu hicho, Mmarekani Claude Shannon alieleza kwa hesabu kwamba habari inayopita mahali penye kelele inahitaji nyongeza ili ifike salama. Wazee wa msitu walikuwa wanalitumia jambo hilo tangu zamani, bila karatasi.

Hapo ndugu wa kanisa ananisimamisha: "Sawa, akili iko. Lakini hiyo lokole iliita watu kwenye matambiko." Ni kweli, iliita. Iliita pia watu shuleni na kwenye ibada katika vituo vya misheni. Simu yako nayo inapokea neno la Mungu asubuhi na upuuzi usiku, na hujaitupa mtoni. Chombo cha kuita watu hakihukumiwi bila kusikia kinaita nini.

Tena tuangalie lugha tunayoombea. Kiswahili hakikuota Bengamisa. Kilipanda huku pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, Wangwana, watu wa Tippu Tip, yule wa Zanzibar ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Walikuwa Waislamu, na mikono yao ilikuwa na damu ya biashara ya watumwa. Lakini sikiliza maombi yetu ya Jumapili: imani, sala, dhambi, baraka, hata Injili yenyewe, yote ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Hakuna pasta anayesema tuyaondoe. Tumeyapokea, tumeyaosha, tunayatumia. Kama neno lililokuja na msafara wa pembe na minyororo linaweza kubeba Injili, kwa nini gogo la mzee wetu lihukumiwe bila kuulizwa?

Nililiona hilo kwa macho katika matanga moja ya ukoo wetu, Bengamisa. Mzee mmoja alileta lokole yake nyuma ya nyumba. Kijana wa kwaya akamfuata, kwa heshima lakini na uso mgumu: "Papa, hii kitu inaita mizimu. Kanisa haiwezi kukubali." Mzee hakukasirika. Alijibu polepole: "Mutoto yangu, mi naita batu, siiti shetani. Nasema jina ya marehemu, jina ya baba yake, na kwao na mama yake. Nasema bale beko mashambani baache jembe, bakuje." Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe ni komunike!" Tulicheka wote, hata wenye kulia. Mzee akapiga, na kabla ya jua kushuka watu wa mashamba ya mbali walikuwa wanaingia mmoja mmoja.

Lakini baadaye nilimuuliza nani katika vijana anajua kuipiga. Akaonyesha kichwa chake mwenyewe, akapiga kidole kimoja juu yake. Ni huyo tu. Siku akizikwa, itatumwa SMS, na wale ambao mtandao hauwafikii watasikia kesho.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi kila cha wazee ni chema. Mjane anayenyang'anywa nyumba na ndugu za mume huku bado analia, hata mtu akiniambia ndiyo desturi, mimi nasema Injili inaikataa, na nitaikataa mbele ya wazee wenyewe. Kosa letu ni kufikiri kwamba kipimo ni uzee au upya wa jambo: la zamani ni la shetani, jipya ni la Mungu. Angalieni mambo ya watoto wanaoitwa *ndoki*. Katika miji yetu watoto wengi wamefukuzwa nyumbani, na mara nyingi mashtaka hayo yametiwa nguvu ndani ya vyumba vya maombi vyenye spika kubwa na kinanda kipya, mahali ambapo lokole haikubaliwi kabisa. Jambo hili limekuwa kubwa hata sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemshtaki mtoto kwa uchawi. Basi niambieni, katika hayo mawili, gogo linaloita watu waje kulia na mfiwa, na spika inayomfukuza mtoto wa miaka saba barabarani, lipi liko karibu na Kristo?

Upande wa pili pia tujichunge. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu, kwa jina la *authenticité*, iliwaamuru watu waache majina ya Kikristo. Wazazi wetu walibadilisha majina kwenye vitambulisho, lakini amri ya ofisi haikufundisha mtoto hata mmoja kusikia lokole inasema nini. Utamaduni wa kutangazwa na wakubwa ni nguo ya sikukuu. Ikiisha sikukuu inarudi sandukuni. Anayependa asili yake ataonekana akiwa ameketi kwenye kiti kidogo mbele ya mzee, anauliza.

Mtume Paulo alipofika Athene, moyo wake uliumia kwa sanamu alizoziona. Lakini hakuanza kwa kuvunja. Alizunguka mji, akaangalia, akasoma maandishi kwenye madhabahu moja, na alipohubiri alitumia maneno ya washairi wao wenyewe. Alijua mji kabla ya kuusahihisha. Huo kwangu ndio mwendo wa Mprotestanti. Sisi ni watu ambao imani yetu ilisimama juu ya kusoma, kila mtu na kitabu mkononi, kwa lugha anayoielewa. Hata iniversite yetu ya Kisangani ilianza mwaka 1963 kama Université Libre du Congo, na waliouanzisha mradi huo walikuwa Waprotestanti. Carrington mwenyewe alikuja kufundisha Kisangani. Urithi wa namna hiyo hauruhusu uvivu wa kuhukumu kwa kusikia tu.

Kwa hiyo ninapokutana na jambo la wazee, najiuliza maswali matatu. Linasema nini, kwa maneno ya mwenyewe anayelijua? Linamfanyia nini aliye mdogo: mjane, mtoto, mgonjwa, mgeni? Na tukiliacha, ni nini kitakachofanya kazi yake? Swali la kwanza linanizuia kuchoma ovyo. La pili linanizuia kusifu ovyo. La tatu linanikumbusha kwamba pengo halikai tupu.

Wengi wenu mnatafuta somo la kazi ya kumaliza masomo, mnazunguka katika mada zilezile ambazo promosyo tano zimekwisha kuandika. Bengamisa iko kilomita kama 50 tu kutoka Kisangani, kwenye barabara ya Buta. Chukueni simu yenye betri, daftari, na sabuni au chumvi ya kumpa mzee heshima yake. Mwombeni apige jina la mtu, kisha aliseme kwa mdomo, kisha alieleze. Rekodini, andikeni, mrudishe nakala kwa kanisa na kwa shule ya pale. Wazee wanaojua ni wachache, na mvua hii ikipita wanaweza kuwa wachache zaidi. Kama baada ya kusikiliza mtaona kuna la kukataa, mtalikataa mkiwa mnajua jina lake.