Mkono Unavyokunja na Unavyogeuka



Wazee wetu walipima nguo kwa dhiraa, yaani tangu kisukusuku mpaka ncha ya kidole cha kati, na dhiraa mbili zikafanya wari moja. Kipande hicho cha mkono ndicho tunachotaka kukieleza leo, hasa kigasha, maana ndicho kinachochuma karafuu na ndicho kinachoumia mara nyingi mchumaji anapoanguka.

Baina ya bega na kisukusuku pana mfupa mmoja tu. Baina ya kisukusuku na kifundo cha mkono ipo mifupa miwili, nayo imelala bega kwa bega. Ule wa upande wa kidole cha mwisho matabibu huuita alna, na ncha yake ya juu ndiyo ile nundu ngumu unayoegemea mezani. Ule wa upande wa gumba huitwa radiasi. Tafadhali yashikeni majina haya mawili, kwani kila mfupa una kazi yake.

Alna ni mfupa wa kukunja. Kichwa chake kimechimbwa mfano wa mdomo wa spana, nacho kimeukumbatia mwisho wa mfupa wa juu, wenye umbo la gurudumu la kapi la jahazi. Hapo mkono hwenda mbele na nyuma tu, kama bawaba ya mlango. Msuli wa mbele ya mkono wa juu hukunja, wa nyuma hunyoosha, basi.

Radiasi ndiyo yenye ajabu. Kichwa chake ni cha mviringo kama kifungo cha koti, kimezungukwa na kano iliyo mfano wa pete, na ndani ya pete hiyo huzunguka. Jaribu sasa hivi hapo ulipo. Bana kisukusuku ubavuni, kunja mkono uwe mraba, elekeza kiganja juu. Kwa vidole vya mkono wa pili gusa upande wa nje, chini kidogo ya kisukusuku, kisha geuza kiganja kitazame chini. Utahisi kifundo kidogo kikizunguka chini ya ngozi. Hicho ni kichwa cha radiasi. Kiganja kikiwa juu mifupa miwili imelala sambamba. Kikigeuzwa chini, radiasi huivuka alna na kukaa juu yake kama mbao mbili zilizopitana, na kiganja huchukuliwa pamoja nayo. Alna yenyewe husogea kidogo sana.

Mtu mzima mwenye afya hugeuza hivyo karibu nusu duara, na kazi yetu nyingi imo humo. Kuvuta tawi kwa upembo ni kukunja. Lakini kukata shada, na kuchambua karafuu na makonyo kwa kulisokota shada juu ya kiganja, ni kugeuza. Hata ule msuli wa mbele tuliousema haukunji tu. Mwisho wake umeshikana na radiasi, kwa hiyo huugeuza mkono kiganja kikaelekea juu, na nguvu yake ya kugeuza huzidi mkono unapokunjwa mraba. 

Sasa tuje kwenye mashaka. Tawi la mkarafuu halina uvumilivu, huvunjika ghafla. Anayeanguka hutanguliza mkono, na uzito wa mwili mzima hupanda kwa radiasi. Hapo huweza kuvunjika karibu na kifundo, au mifupa yote miwili ya kigasha, au, hasa kwa watoto, mfupa wa juu kidogo tu juu ya kisukusuku.

Namjua mwenzetu mmoja aliyevunjika kigasha, akafungwa nyumbani, na mkono ukaunga. Ukiutazama umenyooka, na watu wakampongeza. Lakini mifupa iliungana vibaya na radiasi haivuki tena. Kiganja hakielekei juu. Hawezi kukinga maji wala kupokea konzi ya karafuu. Mtu asiyeweza kukielekeza kiganja chini hujisaidia kwa kuinua kisukusuku mbali na ubavu. Asiyeweza kukielekeza juu hana hila kama hiyo. Kwa hiyo mkono ulionyooka si lazima uwe mkono uliopona. Lazima ugeuke.

Liko na jambo zito kuliko hilo. Mwaka 1881 tabibu wa Kijerumani, Richard von Volkmann, alieleza habari za mikono iliyokauka na vidole kujikunja kama kucha za ndege baada ya kufungwa kwa kukazwa mno. Mkono uliovunjika huvimba. Kitambaa hakivimbi nao. Damu ikibanwa, misuli ya kigasha huanza kufa kwa muda wa saa chache tu, na iliyokufa hairudi. Hata pasipo kufungwa, uvimbe wa ndani au mshipa wa damu ulioumia huweza kuleta balaa hilo hilo.

Basi mtu akianguka, kwanza mtazameni kichwa, shingo na mgongo. Akilalamika shingo, au hahisi miguu, msimwinue ovyo. Kama ni mkono tu, vueni pete, bangili na saa kabla ya uvimbe. Msiuvute, msiunyooshe, msiuchue. Uacheni ulivyo, wekeni banzi lililotandikwa khanga laini, mfunge kwa kulegeza, kisha apelekwe hospitali siku ile ile. Njiani vitazameni vidole. Vikiwa baridi, vyeupe au vya buluu, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi mtu mwingine akivinyoosha, legezeni kila kilichofungwa na mwende mbio, hata kama ni usiku wa manane. Akiwa tayari ana plasta ya hospitali na dalili hizo zikatokea, arejee hospitali saa ile ile, asingoje siku aliyoandikiwa.

Baada ya plasta kuondolewa kisukusuku huwa kigumu, na hapo ndipo ndugu na jirani hujitokeza na mafuta ya kuchulia. Kisukusuku hakipendi kulazimishwa. Kikichuliwa na kuvutwa kwa nguvu, huweza kuota mfupa ndani ya msuli na kuziba kabisa. Mgonjwa mwenyewe akunje na kunyoosha kwa nguvu zake, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, kwa kadiri alivyoagizwa na tabibu. Na akumbuke kugeuza kiganja, kisukusuku kikiwa kimebanwa ubavuni, ili bega lisimdanganye.