Somo la Kiingereza: BEAR, Neno la Kuchukua Mizigo

Leo tutasoma neno moja tu la Kiingereza, nalo ni bear. Andikeni: b-e-a-r. Hutamkwa "bea". Yuko pia mnyama, yaani dubu, ambaye jina lake huandikwa vivyo hivyo. Lakini hayo ni maneno mawili mbalimbali. Sisi twasoma lile la kitendo.

Maana yake ya asili ni kuchukua mzigo. The donkey bears a heavy load: Punda anachukua mzigo mzito. Mzigo huo waonekana kwa macho, tena waweza kupimwa kwa mizani.

Sasa lifikirini neno letu "kuchukua". Twasema mwanamke amechukua mimba. Twasema watu wa nyumba moja yafaa wachukuliane. Hapana aliyejitwika kitu kichwani, lakini maana ya mzigo imo. Kiingereza nacho kimepita njia hiyo hiyo:

She bore three children: Alizaa watoto watatu.
The tree bears fruit: Mti unazaa matunda.
I cannot bear the pain: Siwezi kuyavumilia maumivu.

Hata neno born, la kuzaliwa, limetoka katika bear.

Je, kwa nini tulishughulikie sana neno hili? Kwa sababu mtalikuta katika karatasi za mauziano na za mikopo, ambazo mtu hutakiwa kutia sahihi yake. Someni: The buyer shall bear the cost of transport. Ajuaye maana ya kwanza tu atadhani mnunuzi atabeba kitu begani. Sivyo. Maana yake ni kwamba gharama ya kusafirisha bidhaa italipwa na mnunuzi. Ikiwa mnunuzi ni wewe, mzigo huo ni wako.

Someni tena: The loan bears interest at 10 per cent a year. Yaani, mkopo unazaa riba, shilingi 10 kwa kila shilingi 100, kila mwaka. Ukikopa shilingi 2,000 ukazirudisha zote baada ya mwaka mmoja, utalipa shilingi 2,200. Zile 200 ndizo watoto wa deni.

Basi, kila ukutanapo na bear, jiulize maswali mawili: Nani anachukua? Anachukua nini? Kikiwa kitu cha kushikika, hiyo ni maana ya asili. Yakiwa maumivu, gharama au lawama, hiyo ni maana ya mfano. Na penye gharama, tazama sana aliyetajwa kabla ya neno hilo, maana ndiye atakayelipa. Tazama kwanza, sahihi baadaye.

Zoezi: The seller shall bear all taxes. Andikeni maana yake kwa Kiswahili, mkaeleze ni nani atakayelipa kodi. Tutasahihisha pamoja juma lijalo. Kwa herini.