Sifuri, Bila na Kiporo: Kutenganisha Alama Sifuri na Data Isiyopo katika Takwimu za Timu

1.0 Utangulizi

Katika mashindano ya mitaa yanayofanyika kwenye viwanja vya mchangani vya Kinondoni na Temeke, aghalabu kumbukumbu za timu huwekwa na mtu mmoja, katibu au mdau aliyejitolea, katika daftari la kawaida. Kila mchezaji hupewa mstari wake na kila mechi safu yake. Mchezaji akifunga, idadi ya mabao huandikwa. Asipofunga, huandikwa 0. Tatizo huanza pale mchezaji asipofika uwanjani. Katibu mmoja huacha nafasi tupu, wa pili hupiga kistari, na wa tatu, kwa kupenda unadhifu, hujaza 0 ili ukurasa usionekane una mapengo. Msimu unapokwisha, ukurasa wa huyo wa tatu ndio unaopendeza kuliko yote, na ndio unaopotosha kuliko yote.

Chukulia mfano wa washambuliaji wawili wa timu moja ya Mbagala iliyocheza mechi tano. Wa kwanza alicheza zote tano akafunga mabao sita. Wa pili alicheza tatu tu, akafunga mabao matano. Siku za mechi mbili zilizobaki alikuwa kitandani kwa malaria. Katika daftari lililojazwa 0 kote, wastani wa wa kwanza ni bao 1.2 kwa mechi na wa pili ni 1.0. Katika daftari linalohesabu mechi ambazo mchezaji alicheza, wa kwanza anabaki na 1.2 na wa pili anapanda hadi 1.67 hivi. Kocha anayetafuta mshambuliaji mmoja wa kumpeleka kwenye majaribio ya timu ya wilaya, akitegemea daftari la kwanza, atamwacha mfungaji bora kwa sababu ya homa.

Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa upande wa lugha. Hoja inayotolewa ni kwamba msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa tofauti kati ya kukosa bao na kukosa mechi. Tofauti hiyo imo katika ukanushi wa vitenzi anavyovitumia kila siku na katika msamiati wa mashabiki. Inapotea pale tu usemi unapogeuzwa tarakimu.

2.0 Ukanushi wa kitenzi

Tuzingatie sentensi tatu zifuatazo, zote zikimhusu mchezaji mmoja:

(1) Hakufunga.
(2) Hajafunga.
(3) Hakucheza.

Sentensi (1) inakanusha tendo katika wakati uliopita. Kimantiki, ni kweli hata kwa yule aliyekuwa kitandani, kwa kuwa mtu ambaye hakuwepo uwanjani hakufunga. Huu ndio mlango ambao 0 isiyostahili huingilia. Lakini katika matumizi, (1) hudokeza kwamba mchezaji alipata nafasi ya kufunga. Mtu akiulizwa kijiweni Tandika habari za mshambuliaji fulani akajibu “hakufunga”, kisha ikabainika kwamba mshambuliaji huyo hakuvaa hata jezi, msikilizaji ataona amepunjwa, ingawa hakuambiwa uongo. Kwamba hilo ni dokezo tu, wala si sehemu ya maana ya msingi ya kitenzi, kunathibitishwa na uwezekano wa kulifuta: “Hakufunga, maana hakucheza” ni sentensi sahihi isiyojipinga. Tarakimu 0 haina uwezo huo. Haiwezi kuongezewa “maana hakucheza”.

Sentensi (2) ina kiambishi -ja-, nacho kina uzito wa pekee. Kinaeleza kwamba tendo halijatokea hadi wakati wa usemi, na papo hapo kinaacha wazi uwezekano wa kutokea kwake. Ndiyo maana “hajafunga msimu huu” ni usemi wa kawaida mwezi wa Januari, lakini unakuwa wa ajabu ligi ikiwa imekwisha na mchezaji ameshastaafu. Katibu anayejaza 0 katika safu ya mechi ambayo haijachezwa ameigeuza (2) kuwa (1). Amebadili njeo pasipo kukusudia.

Sentensi (3) inahusu tendo jingine kabisa. Inaikanusha mechi yenyewe kwa upande wa mchezaji huyo, na baada yake swali la mabao halina pa kusimama. Hivyo kategoria tatu ambazo wanatakwimu hulazimika kuzieleza kwa aya ndefu (thamani sifuri, data inayosubiriwa, na data isiyopo) Kiswahili kinazipa maumbo matatu mafupi ya kitenzi.

3.0 Msamiati wa uwanjani

Neno sifuri limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya utupu, na kupitia Kilatini neno hilohilo liliingia katika lugha kadhaa za Ulaya. Asili hiyo inafaa kukumbukwa kwa sababu mkanganyiko unaojadiliwa hapa ni wa kale. Alama ya sifuri ilianza kama kishikilia nafasi, yaani alama ya mahali pasipo na kitu. Kuifanya nambari kamili, yenye kanuni zake za kujumlisha na kutoa, ni hatua iliyokuja baadaye. Mwanahisabati wa Kihindi Brahmagupta aliziandika kanuni hizo mwaka 628. Tarakimu moja imebeba kazi mbili tangu enzi hizo.

Mashabiki wa Tanzania, hata hivyo, hawaisemi sifuri mara nyingi. Husema bila. Timu hushinda “mbili bila” au “tatu bila”, na waandishi wa michezo wa Kenya husema “mabao mawili kwa nunge”. Kisarufi, bila ni neno linalohitaji kijalizo: bila chumvi, bila kula. Katika matokeo ya mpira kijalizo hicho kimedondoshwa, lakini kila msikilizaji anajua kilichokosekana ni bao, na anajua pia kwamba mechi ilikuwepo. Hakuna shabiki anayesema “bila” kwa mechi isiyochezwa. Mnamo Julai 19, 1977 Simba iliifunga Yanga sita bila, Abdallah Kibadeni akifunga mabao matatu, na hiyo “bila” ya Yanga imetajwa katika mabishano ya mitaani kwa takriban nusu karne. Ni sifuri halisi: kulikuwa na dakika za kuijaza na hazikuijaza.

Kwa mechi iliyobaki kuchezwa, mashabiki wana neno kiporo. Kwa asili hiki ni chakula kilicholala, kinachosubiri kupashwa moto asubuhi. Uteuzi wa neno hili ni wa kupendeza kisemantiki, kwa kuwa mwenye kiporo hana njaa ya kukosa chakula. Chakula anacho, ila hajakila. Ni -ja- iliyovaa umbo la nomino.

Mfano wake mashuhuri ni wa mwaka 2025. Mechi ya Ligi Kuu kati ya Yanga na Simba ilipangwa kuchezwa Machi 8 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wilayani Temeke. Simba ilitangaza kwamba haitacheza, kwa maelezo kuwa ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani hapo usiku uliotangulia, na Bodi ya Ligi ikaiahirisha mechi. Ilichezwa Juni 25, na Yanga ikashinda mbili bila. Kwa siku 109 msimamo wa ligi ulikuwa na pengo ambalo halikuwa suluhu ya bila kufungana wala ushindi wa upande wowote. Mabishano yote ya siku hizo, kuanzia vibarazani hadi katika vyombo vya maamuzi, yalihusu jambo moja: je, pengo lile ni kiporo, au lijazwe mezani?

Mezani, ambapo wengine husema ushindi wa chee, ni aina ya nne, na ndiyo yenye hila kuliko zote. Kanuni za FIFA humpa mshindi wa namna hiyo mabao 3–0. Tarakimu hizo zina sura ileile ya matokeo ya uwanjani, lakini mabao hayo matatu hayana mfungaji. Anayejumlisha mabao ya wachezaji wote wa timu akayalinganisha na mabao ya timu katika msimamo ataona upungufu wa matatu, na kama jedwali halina maelezo atadhani katibu alikosea hesabu. Vilevile 0 ya aliyeshindwa mezani haiwezi kutumika kupima udhaifu wa washambuliaji wake.

4.0 Kapa na pengo

Isimu ina uzoefu wa muda mrefu na jambo hili. Katika jozi debe/madebe, umoja hauna kiambishi kinachosikika, na wanaisimu husema una mofimu kapa: utupu huo una maana, kwa kuwa unapinzana na ma-. Kwa upande mwingine, maji na mate hayana umoja. Kuandika mofimu kapa mbele ya *ji ni kubuni neno ambalo halipo. Istilahi yenyewe inakaribiana na lugha ya wachezaji: “kutoka kapa” ni kuondoka mikono mitupu, na hawezi kutoka kapa ambaye hakuingia mchezoni.

Takwimu za wilaya za Dar es Salaam zina “maji” yake. Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke katikati ya miaka ya 2010. Jedwali la mashindano ya shule kwa wilaya linaloanzia mwaka 2000, likiwa na mstari wa Kigamboni uliojaa 0 kwa zaidi ya miaka kumi, linaonyesha wilaya dhaifu kupindukia. Wilaya hiyo haikuwepo. Ubaya zaidi ni kwamba watoto wa Kigamboni walicheza miaka hiyo yote, na mabao yao yamo katika mstari wa Temeke.

Pengo la aina hii liliwahi kuamua safari ya taifa zima. Katika mchujo wa Afrika wa Kombe la Dunia la 2026, Tanzania ilipangwa Kundi E pamoja na Morocco, Zambia, Niger, Congo na Eritrea. Eritrea ilijitoa Novemba 2023 kabla ya kucheza hata mechi moja. Makundi mengine manane yalibaki na timu sita. Kundi E likabaki na tano, zenye mechi nane badala ya kumi. Ilipofika hatua ya kuwalinganisha washindi wa pili wa makundi ili kupata wanne bora, wasimamizi wangeweza kuzipa timu za Kundi E ushindi wa mezani dhidi ya Eritrea. Hawakufanya hivyo. Walilichukulia pengo kama pengo, na ili mizani ilingane wakafuta, katika makundi mengine, matokeo ya mshindi wa pili dhidi ya timu ya mwisho. Burkina Faso, yenye pointi 21, iliishinda Djibouti mara mbili, hivyo ikapoteza sita na kubaki na 15. Nigeria, yenye pointi 17, ilitoka sare mara mbili na Zimbabwe, ikapoteza mbili tu na kubaki na 15 pia. Nigeria ilipita kwa tofauti ya mabao. Mtu anaweza kuiona kanuni hiyo kuwa kali kwa Burkina Faso, na pengine ni kali. Lakini haikubuni mechi ambazo hazikuchezwa.

5.0 Uandikaji

Desturi ya kutenganisha alama si ngeni. Vitabu vingi vya takwimu vya kimataifa huweka nukta kadhaa mahali pa data isiyopatikana, na kistari au 0 mahali ambapo kiasi chenyewe ni hakuna. Matokeo ya mitihani ya taifa ya kidato cha nne humtenga mtahiniwa ambaye hakufanya mtihani na yule aliyepata daraja sifuri. Hata programu za majedwali katika kompyuta huruka kisanduku kitupu zinapokokotoa wastani, ilhali 0 huihesabu. Hivyo katibu nadhifu anaiharibu hesabu ambayo mashine ingeipatia.

Kwa daftari la timu ya mtaa, alama chache zinatosha: 0 kwa aliyecheza asifunge, kistari kwa ambaye hakucheza, K kwa kiporo, M kwa matokeo ya mezani, na nafasi iliyotiwa kivuli kwa mchezaji ambaye alikuwa hajasajiliwa.

Inabaki alama moja iliyo ngumu kuliko hizo, nayo ni ya kuulizia. Hii ni kwa mechi iliyochezwa, mabao yakafungwa, lakini karatasi ikalowa mvua ya masika au mwandishi hakufika. Hapo tarakimu sahihi ipo, ila haijulikani. Katibu anayeandika “?” mbele ya kamati ya timu anakiri kwamba hakuwepo, au kwamba karatasi ilimpotea. Anayeandika 0 hahojiwi na yeyote, isipokuwa mchezaji aliyefunga siku hiyo.