CHAI IMEINGIA KWENYE KOMPYUTA YA KAZI? USIWASHE "KUJARIBU"



Wengi wetu duka liko mtandaoni lakini ofisi ni kona ya sebule. Meza moja, kompyuta ya mezani ya mtumba, mzani wa kupimia mizigo, mtoto anakatiza, kikombe cha chai pembeni. Siku kikombe kikianguka, watu hufuta juu juu kwa kitambaa, wanasubiri nusu saa, halafu wanawasha kuona kama bado inafanya kazi. Hapo ndipo mashine nyingi zinapofia. Maji peke yake hayaui kompyuta haraka hivyo, kinachoiua ni umeme kupita mahali palipolowa. Ikilowa bila umeme ndani yake, ina nafasi nzuri tu ya kupona.

Angalia kwanza imemwagikia wapi. Kama ni kibodi tu, shukuru Mungu. Chomoa waya wake wa USB, igeuze chini juu ichuruzike, sevu kazi yako kwa mausi, endelea na maisha. Isipopona utanunua nyingine, sio kitu cha kukukosesha usingizi. (Wenzetu wa laptop hawana bahati hiyo, kwao kibodi imelala juu ya mitambo yote.)

Kama imeingia kwenye lile sanduku lenyewe, tunaloliita sipiyu, hapo usihangaike kufunga programu moja moja. Mkono mkavu, zima swichi ya ukutani, chomoa plagi. Kama ekstensheni imelowa au umesimama kwenye maji, usiguse chochote, nenda ukazime meinswichi ya nyumba. Na wenye UPS mnisikilize vizuri: ukizima ukutani, UPS inaendelea kulisha kompyuta kwa betri yake. Ndiyo kazi yake! Izime yenyewe, kisha chomoa waya wa umeme nyuma ya sipiyu. Ukishachomoa, bonyeza batani ya kuwashia na uishikilie kama sekunde 10 ili umeme uliobaki ndani uishe. Chomoa na waya nyingine zote.

Sasa fungua mfuniko wa ubavuni. Kwenye sipiyu nyingi ni skrubu mbili tu za nyuma. Inamisha sanduku ili maji yatoke nje, yasielekee kwenye ile bodi kubwa ya ndani, mazabodi. Halafu toa diski.

Narudia, diski ndiyo ya kutoa kwanza. Mazabodi utapata nyingine, ramu utapata, hata sipiyu nzima ya mtumba utapata. Lakini orodha ya wanaokudai na unaowadai, picha za bidhaa ulizopiga wiki nzima, anwani za wateja wa mikoani, hizo haziuzwi dukani. Kama diski haikulowa, nunua au azima adapta ya kuigeuza iwe kama fleshi ya USB, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, unakili mafaili yako siku hiyo hiyo. Ikikuomba namba ndefu ya tarakimu 48, ujue Windows yako ilikuwa imefungwa kwa BitLocker. Mara nyingi namba hiyo imehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, itafute huko kabla hujakata tamaa.

Diski ikiwa imelowa, usiichomeke popote. Zile za zamani zina sahani zinazozunguka hadi mara 7,200 kwa dakika, uchafu kidogo tu ndani unazikwaruza. Usiifungue, usiianike juani. Mpelekee fundi anayeshughulika na kuokoa data, sio yule wa kuweka Windows.

Baada ya hapo toa ramu na ile betri ndogo ya duara kama sarafu. Inatoa volti 3 na inaendelea kupeleka umeme kwenye bodi hata plagi ikiwa nje. Pawa saplai, lile boksi linaloingia waya wa ukutani, usilifungue kabisa. Linaweza kutunza umeme wa kukudhuru hata likiwa limechomolewa. Kama kimiminika kiliingia humo, badilisha tu.

Kukausha kunategemea kilichomwagika. Maji safi ni nafuu. Chai ya maziwa, soda na juisi ndizo mbaya, maana maji yake yanakauka lakini sukari inabaki, inanata na kula madini taratibu. Leo inawaka, mwezi ujao inazima. Hiyo lazima isafishwe kwa brashi laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya 70 ya duka la dawa ina maji mengi.

Mambo ya mchele achana nayo. Mchele haufyonzi kitu cha maana, unaacha vumbi na punje ndani. Draya ya nywele nayo hapana, joto lake linaharibu plastiki na kusukuma maji ndani zaidi. Feni ya kawaida, mfuniko ukiwa wazi, saa 48 kamili. Mashine ikikauka saa 20 usijidanganye, chini ya vipande vya bodi bado kuna unyevu.

Siku ya kuwasha, washa bila diski. Kama kuna kitu kitaungua, kiungue bila kumbukumbu zako. Ukisikia harufu ya kuungua au kuona moshi, chomoa. Ikiwaka na kulalamika kwamba haioni diski, hiyo ni habari njema: zima, rudisha diski, endelea na oda.

Kwa fundi, sema ukweli kilichomwagika ni nini na lini. Ukisema "ilizima tu yenyewe" ataanza kwa kuiwasha. Na diski ibaki nyumbani kwako, namba za wateja wako hazimhusu.