Chaja ni Ipi? Kasi ya Kuchaji Gari la Umeme na Utata wa Neno Moja

Neno chaja lilienea miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili pamoja na simu ya mkononi. Katika simu, neno hili halina utata mkubwa. Chaja ni kile kidude kinachochomekwa ukutani, kikapokea umeme wa volti 240 na kuutoa ukiwa umepunguzwa na kugeuzwa kwa namna inayoifaa simu. Chaja ikiwa dhaifu, simu hukawia kujaa. Ikibadilishwa kwa iliyo na nguvu zaidi, simu hujaa mapema, mradi simu yenyewe iwe na uwezo wa kuupokea umeme huo. Mazoea haya yamehamishiwa kwenye gari la umeme pasi na kuchunguzwa, na hapo ndipo linapozuka kosa linaloweza kumtoa mwenye gari maelfu ya shilingi.

Mfano mwafaka ni Nissan Leaf, gari lililoanza kuuzwa Japani na Marekani mnamo Desemba 2010. Nchini Kenya gari hili si geni. Kampuni ya teksi za umeme ya NopeaRide ililitumia jijini Nairobi kuanzia mwaka wa 2018 hadi ilipofunga shughuli zake mwaka wa 2022, na wengine wengi hulinunua likiwa limekwisha kutumika Japani. Leaf za mwanzo zina betri ya kilowati-saa 24. Mwenye gari akilichomeka katika soketi ya kawaida ya nyumbani kwa waya unaopitisha ampea 10, gari hupokea kilowati 2.4, na betri tupu huhitaji saa kumi na zaidi ili ijae. Akichoka kungoja, huenda dukani akanunua kisanduku cha kutundikwa ukutani, cha ampea 32, ambacho kwa hesabu ya volti 240 kinaweza kupitisha zaidi ya kilowati 7. Hutarajia kwamba saa kumi zitakuwa tatu na ushei. Usiku wa kwanza huona ni saba na ushei. Kisanduku hakina kasoro yoyote, ila ni kwamba, ijapokuwa muuzaji na mnunuzi wote hukiita chaja, kisanduku hicho si chaja.

Ili jambo hili libainike, inafaa kuifuata safari ya umeme. Umeme unaofika nyumbani ni mkondo geu, yaani mkondo unaobadili mwelekeo wake mara kwa mara. Nchini Kenya hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde. Betri haiwezi kuhifadhi mkondo wa aina hiyo. Huhitaji mkondo mnyoofu, unaoelekea upande mmoja tu. Sharti basi pawepo kifaa cha kugeuza mkondo wa kwanza uwe wa pili, na kifaa hicho ndicho chaja kwa maana halisi. Katika gari la umeme kifaa hiki hakiko ukutani. Kimefungwa ndani ya gari, na mwenye gari aghalabu hajawahi kukiona. Katika Leaf za mwanzo uwezo wake ni kilowati 3.3. Kisanduku cha ukutani kazi yake ni kuliarifu gari ni ampea ngapi zinazopatikana, kuhakikisha kwamba waya wa ardhi umeunganishwa vyema, na kufungua au kukata njia ya umeme. Hakigeuzi chochote. Kukiongeza ukubwa mbele ya chaja ndogo ni sawa na kutia bomba pana barabarani ilhali bomba linaloingia nyumbani ni lilelile jembamba.

Kutokana na hayo, mtu anayetaka gari lake lichajiwe kwa kasi zaidi hana budi kuuliza kwanza mahali palipo pembamba kuliko pote katika safari hiyo. Pakiwa ni kwenye soketi, kisanduku cha ukutani kitasaidia, kama kilivyomsaidia kiasi mwenye Leaf hapo juu. Pakiwa ni ndani ya gari, njia huwa ni mbili.

Njia ya kwanza ni kuibadilisha au kuiongezea nguvu chaja ya ndani. Nissan yenyewe ilianza kuziuza baadhi ya Leaf zikiwa na chaja ya kilowati 6.6 katika matoleo ya mwaka wa 2013, na kwa chaja hiyo betri ya kilowati-saa 24 hujaa kwa muda unaokaribia saa nne. Tesla nayo, ilipoanza kuuza Model S mwaka wa 2012, ilimruhusu mnunuzi kuongeza chaja ya pili ya kilowati 10 kando ya ile ya kwanza, na aliyejuta kwa kutoiagiza aliweza kurudi baadaye akafungiwa. Si watengenezaji wote waliokuwa na hisani hiyo. Chevrolet Bolt ilipotoka Marekani katika toleo la 2017, tundu la kuchajia kwa kasi liliuzwa kwa dola 750 za ziada. Aliyelikataa siku ya kununua hakuwa na njia ya maana ya kulipata baadaye.

Njia ya pili ni kuikwepa chaja ya ndani kabisa. Hapa mkondo hugeuzwa nje ya gari, katika mtambo mkubwa kama kabati uliopo kituoni, kisha mkondo mnyoofu huingizwa katika betri moja kwa moja. Kwa njia hii Leaf ile iliyohitaji saa saba hufikia asilimia 80 kwa takriban nusu saa katika kituo cha kilowati 50. Huo mtambo wa kituoni, tofauti na kisanduku cha nyumbani, una haki kamili ya kuitwa chaja. Utaratibu uliotumiwa na Leaf huitwa CHAdeMO, nao uliasisiwa Japani na kampuni za magari kwa ushirikiano na shirika la umeme la Tokyo. Jina lenyewe litawavutia wapenzi wa lugha: ni mchezo wa maneno unaokumbusha usemi wa Kijapani wa kumkaribisha mtu chai, kwa maana kwamba gari hujaa wakati dereva anapokunywa kikombe. Hiyo cha ya Kijapani na chai ya Kiswahili zina asili moja katika Kichina.

Gari ambalo halikuundwa na tundu la namna hii laweza kuongezewa, ingawa kazi si ya fundi wa kubahatisha. Toyota RAV4 EV, iliyouzwa California kati ya 2012 na 2014, haikuwa nalo, na mafundi wa huko waliunda kifaa cha kuipa tundu la CHAdeMO. Ugumu hauko katika nyaya pekee. Kabla ya umeme kupita, gari na kituo huzungumza: gari hutaja volti na ampea zinazoifaa betri yake, kituo hujibu, na mazungumzo huendelea muda wote wa kuchaji. Hii ndiyo sababu kiungo cha kuiwezesha Leaf kutumia vituo vya CCS, utaratibu uliotawala Ulaya, hakiwezi kuwa plagi ya kubadilisha umbo tu. CHAdeMO huzungumza kwa nyaya zake maalumu, ilhali CCS hupitisha ujumbe kwa njia nyingine kabisa. Kiungo hicho sharti kiwe na kompyuta ndani yake inayosikiliza upande mmoja na kutafsiri kwa upande wa pili papo hapo. Ni mkalimani, na kama wakalimani wote, akikosea neno mazungumzo hukatika. Haja ya mkalimani huyu inazidi, maana hata Nissan ilipolipeleka gari lake la Ariya Ulaya na Marekani ililipa tundu la CCS.

Baki sasa betri yenyewe, ambayo ndiyo yenye kauli ya mwisho. Betri inapochajiwa, ayoni za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja na kujipenyeza katika tabaka za grafiti za upande wa pili. Mwanzoni nafasi ni tele. Kadiri tabaka zinavyojaa, ayoni huhitaji muda zaidi wa kupata pa kukaa, na zikisukumwa kwa nguvu, hasa betri ikiwa baridi, baadhi yake huganda juu ya grafiti zikawa metali ambayo haitumiki tena ipasavyo. Ndiyo maana gari hupunguza kasi lenyewe baada ya asilimia 80 hivi. Haba na haba ya mwisho haina njia ya mkato. Joto nalo huichakaza betri. Leaf za vizazi viwili vya kwanza, kinyume na magari mengi ya umeme, hazina mfumo wa kuipoza betri kwa maji. Mwaka wa 2012 wenye Leaf katika joto la Arizona walilalamika kwamba betri zao zilipoteza uwezo mapema mno. Tena Leaf ya kilowati-saa 40 ilipotoka, madereva waliosafiri mbali mwaka wa 2018 waligundua kwamba baada ya kuchaji kwa kasi mara moja au mbili kwa siku, gari lilijipunguzia kasi ili kujinusuru na joto, hata kituo kingekuwa na nguvu kiasi gani. Mwenye Leaf iliyotumika miaka kadhaa, anayetaka kuilisha kwa kasi kila siku katika joto la Mombasa, yamkini ananunua muda kwa kulipa betri.

Kuhusu usalama, betri hiyo ikijaa hukaribia volti 400 za mkondo mnyoofu, ambazo zinaweza kuua. Soketi ya nyumbani pia haikukusudiwa kutoa ampea 13 usiku kucha. Iliyolegea hupata moto hadi kuyeyuka.

Tatizo la lugha lingalipo. Wapo watakaosema kwamba watu wamekwisha kuzoea, na kwamba mazoea hayapingwi. Wakenya huuita umeme stima, neno lililotokana na mvuke, na hakuna aliyepata hasara. Lakini stima haimfanyi mtu anunue kitu kisichomfaa. Chaja humfanya. Ingefaa neno chaja libakie kwa kifaa kinachogeuza mkondo, kiwe ndani ya gari au kituoni, na kisanduku cha ukutani kiitwe kiunganishi. Wanasarufi huenda wakaona ugeni, kwani kiunganishi wanakijua kwingine, ila kazi ni ileile ya kuleta pande mbili pamoja bila kugeuza chochote. Kisanduku kikiandikwa kiunganishi cha kilowati 7, mnunuzi atakuwa na sababu ya kuuliza, kabla ya kutoa pesa, chaja iliyomo ndani ya gari lake ni ya kilowati ngapi.